Shemasi Deogratias na darasa la jioni

Kama una Deo kwenye simu yako, na hapa Dar es Salaam ni nani asiye na Deo wake, basi leo nina habari za wajina wake. Huyu ninayemsema hakukaa Sinza wala Mwananyamala. Alikaa Carthage, mji wa Afrika Kaskazini ambao magofu yake leo yako pembeni mwa jiji la Tunis. Jina lake kamili Deogratias, cheo chake shemasi, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha dini watu wazima waliofika kanisani kwa mara ya kwanza. Kwenye mwaka 400 hivi alimwandikia rafiki yake askofu barua ya malalamiko. Alieleza kwamba mara nyingi somo lake linakuwa refu na kavu mpaka linamchosha yeye mwenyewe, sembuse wale wanaomsikiliza. Hajui aanzie wapi hadithi, hajui aishie wapi.

Askofu mwenyewe alikuwa Augustino wa Hippo, na badala ya kumpa pole kwa mistari miwili, alimjibu kwa kitabu. Kwa Kilatini kinaitwa De catechizandis rudibus, yaani, kwa Kiswahili chetu cha kawaida, namna ya kuwafundisha wanaoanza. Ni kifupi, unaweza kukimaliza Jumamosi moja, na nakuhakikishia msomaji wangu kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya watu wazima akakisoma asicheke kidogo. Augustino anaanza kwa kukiri kwamba hata yeye hotuba zake karibu kila mara hazimridhishi. Kilichoko kichwani ni kizuri kuliko kinachotoka mdomoni. Halafu anaingia kwenye kazi. Muulize kwanza mgeni wako kilichomleta. Msimulie historia tangu uumbaji mpaka Kanisa la leo, lakini usimmiminie yote, chagua mambo makubwa ukae nayo. Msomi msemeshe kisomi, umuulize amesoma vitabu gani. Yule wa shule za ufasaha, anayecheka askofu akikosea sarufi, mfundishe unyenyekevu taratibu. Asiyesoma naye ana namna yake. Kwa maneno yetu, wa Masaki na wa Tandale hawafundishwi kwa sauti moja.

Kisha kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ukiona mtu anapiga miayo, anasema Augustino, usimkasirikie. Pengine amechoka kusimama. Mchangamshe kwa neno la kufurahisha, au mpe kiti. Anaongeza kwamba kuna makanisa ng'ambo ya bahari ambako watu husikiliza wakiwa wameketi, na hilo ni jambo jema. Sisi ambao neno la kwanza kwa mgeni ni karibu kiti hatuna la kubishana hapo.

Nimeanza na Deogratias kwa sababu kuna wazo moja linalonikera kila ninapolisikia hapa mjini, kwamba mafundisho ya dini ni ya watoto. Ukitaja mafundisho mtaani kwetu, mtu anawaza watoto wa kipaimara Jumamosi asubuhi, daftari kwapani, wanakariri Amri Kumi. Ukishapata kipaimara umehitimu. Kuanzia hapo hadi kaburini utasikiliza mahubiri, utaimba kwaya, utachangia ujenzi, utahudhuria semina ya ndoa siku tatu kabla ya ndoa. Lakini kukaa chini na kitabu, kuuliza na kubishana kama mtu mwenye akili na maisha yake, hilo hapana. Daktari wa miaka 45 anamjua Mungu kwa elimu aliyoipata akiwa na miaka 14. Hebu fikiria angekuwa anatibu watu kwa elimu ya umri huo.

Majirani zetu Waislamu hawana tatizo hili kwa kiwango chetu. Pita kwenye misikiti ya Magomeni au Kinondoni baada ya swala ya Magharibi, utakuta wazee na vijana wamekaa chini na sheikh amefungua kitabu. Anasoma kipande cha Kiarabu, anakifasiri kwa Kiswahili, anakieleza, anaendelea na kingine. Hiyo ndiyo darsa. Kitabu kinaweza kuwa Riyadhu Swalihina cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, au Safina, kile kijitabu cha fiqhi kilichoandikwa na mwanazuoni wa Hadhramaut katika karne ya 19 na kinachojulikana pwani yote. Hakuna anayemshangaa mzee wa miaka 60 kwamba bado anasoma. Lamu, kwenye msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Saleh mwanzoni mwa karne ya 20, watu wamekuwa wakija kutoka mbali kwa ajili ya mambo hayo hayo. Kwa hiyo mtu mzima kukaa mbele ya mwalimu na kitabu cha kale si ugeni katika miji yetu. Ugeni umekuwa kwetu sisi wa upande wa pili wa barabara, na haukuwa hivyo siku zote.

Turudi Afrika Kaskazini, safari hii karne ya 19. Mwaka 1867 Mfaransa mmoja, Charles Lavigerie, aliteuliwa kuwa askofu wa Algiers. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha historia ya Kanisa chuo kikuu cha Sorbonne, Paris, kwa hiyo alipofika alijua vizuri anakanyaga udongo wa nani. Mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao waliitwa Mapadre Weupe. Baadaye, mwaka 1884, akapewa na kiti cha Carthage kwenyewe, mji wa Deogratias wetu. Alipokuwa akipanga namna wamisionari wake watakavyofundisha, Lavigerie hakuchukua utaratibu wa parokia za Ufaransa. Aliuchukua ule wa kale: mtu mzima apite ngazi kwa ngazi, miaka minne kamili, kabla ya kubatizwa, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa.

Miaka minne! Shahada ya kwanza chuo kikuu watu wanaimaliza kwa mitatu.

Naelewa anayesema hapo kulikuwa na ukoloni na dharau, mzungu hamwamini Mwafrika mpaka amchunguze miaka minne. Hoja hiyo ina uzito wake. Mimi naisoma pia kwa upande mwingine. Utaratibu ule ulimchukulia Mwafrika kama mtu mzima mwenye akili, anayehitaji kuelewa kabla ya kukubali, na ambaye anaweza pia kukataa. Kumbuka wakati ule hatari kubwa ilikuwa kubatiza haraka haraka ili kupeleka hesabu nzuri Ulaya.

Msafara wa kwanza wa mapadre hao uliondoka Algiers mwaka 1878, ukapita Zanzibar, na mwezi Juni ukatoka Bagamoyo kuelekea bara. Bagamoyo hiyo hiyo ya hapo jirani, ukitoka Bunju unaendelea tu na lami. Baadhi yao walikwenda Ziwa Tanganyika, wengine Ziwa Victoria. Padre Lourdel alifika Buganda Februari 1879 na kuwakuta Waanglikana wa CMS wametangulia tangu 1877. Sitaingia kwenye ugomvi wao, umeandikwa sana. Linalonihusu ni jina ambalo watu wa Buganda waliwapa wafuasi wa dini hizo mpya, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Waliwaita wasomaji. Kuwa Mkristo na kusoma lilikuwa neno moja. Na miongoni mwa maandishi ya kwanza waliyosoma yalikuwemo ya Kiswahili, sehemu za Injili zilizotafsiriwa Zanzibar na Askofu Edward Steere wa UMCA na wenzake, kwa sababu Kiganda kilikuwa hakijachapwa vya kutosha.

Novemba 1882 mapadre wakaondoka Buganda kwa hofu, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, huku kwetu Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre hata mmoja, na darasa halikufa. Liliendeshwa na wasomaji wenyewe, vijana wa ikulu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, na mapadre waliporudi walikuta wanafunzi wameongezeka. Mwaka uliofuata mambo yakaharibika. Mwishoni mwa Mei 1886 Kabaka Mwanga alipowahukumu kifo, Karoli Lwanga aliwabatiza usiku wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo kijana Kizito. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Wakatoliki wa Dar wanaokwenda huko kila mwaka kwa mabasi wanakwenda, ukitazama vizuri, kuhiji mahali ambapo darasa la mafundisho lilimalizikia.

Carthage ilishaona jambo kama hilo. Mwaka 203 walikamatwa huko wakatekumeni kadhaa, kati yao Perpetua, mama wa miaka 22 mwenye mtoto mchanga, na Felisita, mtumwa mjamzito. Walibatizwa wakiwa tayari chini ya ulinzi. Perpetua aliandika mwenyewe habari za siku zake gerezani, na maandishi yake ni kati ya ya kwanza kabisa ya mwanamke Mkristo tuliyonayo. Kwenye makanisa ya Afrika yalisomwa kwa heshima kubwa. Kina Perpetua na Felista wa Kijitonyama wajue majina yao yametoka wapi.

Upande wa Waprotestanti vitabu vilikuwa vingine, na kimoja kilitamba kuliko vyote baada ya Biblia: Safari ya Msafiri cha John Bunyan, fundi wa masufuria wa Bedford, Uingereza, aliyefungwa miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1678. Madagaska, Malkia Ranavalona wa Kwanza alipopiga marufuku Ukristo mwaka 1835, waumini walikinakili kwa mkono na kukificha. Kwa Kiswahili kilikuwepo kabla ya karne ya 19 kuisha. Mtaalamu wa Afrika Kusini, Isabel Hofmeyr, aliandika mwaka 2004 kitabu kizima kuhusu safari za kitabu hicho, na anahesabu lugha za Afrika zilizokitafsiri kuwa kama 80. Nadhani kilipendwa kwa sababu rahisi: mtu mwenye mzigo mgongoni, yuko barabarani, anakutana na watu wenye majina yanayoeleza tabia zao. Ngano zetu zinakwenda hivyo hivyo.

Sasa tuje nyumbani. Moja ya vituo vya Mapadre Weupe ilikuwa Nyegina, karibu na Musoma. Mtoto mmoja wa Chifu Burito wa Wazanaki alianza kufuata mafundisho alipokuwa shule ya Mwisenge. Hakubatizwa. Akaenda Tabora Boys, akamaliza, bado. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21, na jina alilochukua ni Julius. Mwalimu Nyerere ni mtoto halali wa darasa lile refu la Lavigerie. Alisoma, akasubiri, akaamua akiwa mtu mzima.

Mwaka 1955, alipoacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya TANU, alihamia na familia yake Magomeni, ambako Mama Maria alifungua kiduka cha kuuza mafuta ya taa. Nyumba yao ya Magomeni imehifadhiwa hadi leo. Tunamjua kwa siasa na kwa kumtafsiri Shakespeare. Wachache wamefungua kazi yake ya uzeeni: Injili zote nne na Matendo ya Mitume alivyovigeuza kuwa tenzi za Kiswahili, vikachapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyewahi kuongoza nchi, anakaa kuhesabu mizani ili habari za Yesu ziingie kwenye umbo ambalo Waswahili wamelitumia kwa karne nyingi kufundishana dini. Siioni kama burudani ya mstaafu. Ni mtu aliyekuwa bado darasani.

Na alitaka taifa zima liwe darasani. Mwaka 1970 aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati wa sensa ya 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 serikali ilisema wamebaki chini ya asilimia 10. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni mbili kwenye vikundi, wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu, wakijadiliana, kisha wakienda kuchimba vyoo. Waulize wazazi wenu.

Mwaka huo huo wa 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, waliamua kujenga Kanisa kuanzia chini, na mwaka 1976 wakarudia kwa mkazo: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Watu kumi au ishirini, nyumba kwa nyumba, Biblia mkononi. Sisemi walikopa kwa Mtu ni Afya, lakini hewa ilikuwa ile ile. Ulikuwa wakati ambao mtu mzima kujifunza kwenye kikundi cha majirani lilikuwa jambo la kawaida kama kwenda dukani. Roma nayo ilikuwa imegeuka. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliamua mwaka 1963 kurudisha ukatekumeni wa watu wazima kwa ngazi, na ibada zake zikatolewa mwaka 1972. Ulaya ilikuwa inarudia jambo ambalo wasomaji wa Buganda na vijana wa Nyegina walishalipitia.

Baada ya hapo, kwa maoni yangu, sisi wa mijini tukalegea. Watoto wa wale wasomaji walibatizwa wachanga, wajukuu wao pia, na darasa likashuka umri mpaka likafika kwa watoto. Jumuiya nyingi ninazozifahamu hukutana saa 12 asubuhi Jumamosi, somo dakika tano, matangazo ya michango dakika ishirini. Mwenye maswali makubwa anayapeleka kwenye mikutano ya miujiza viwanjani, ambako kuna spika kubwa na hakuna nafasi ya kuuliza. Siwacheki wanaokwenda. Mtu aliyefiwa na mtoto na akapewa jibu la kipaimara atatafuta pengine.

Ndiyo maana niliposikia kwamba kanisa moja hapa Kinondoni limeanzisha darasa la watu wazima Jumanne saa 12 jioni, nilikwenda kama mwandishi, kutafuta habari. Nimekaa miezi mitano. Tunasoma Maungamo ya Augustino. Mwalimu, mstaafu wa sekondari, ana nakala ya Kiingereza. Anasoma kipande, anakifasiri, anakieleza. Ni darsa kabisa, na yeye mwenyewe anaiita hivyo akiwa na furaha. Tuko kati ya wanane na kumi na tano, inategemea mvua na foleni ya Kawawa. Kuna muuguzi, kuna mzee aliyekuwa dereva wa malori, kuna mama anayeuza chakula, kuna vijana wawili wa benki ambao huja na tai.

Wengi tulidhani tutasoma habari za mtakatifu. Tukamkuta kijana wa Thagaste, Algeria ya leo, aliyezaliwa mwaka 354, akaandikishwa ukatekumeni akiwa mtoto, kisha akaahirisha ubatizo mpaka miaka 32. Anakwenda Carthage kusoma, anaiga marafiki, anafuata dini ya Wamani kwa karibu miaka tisa, anamdanganya mama yake Monika na kupanda meli usiku kwenda Italia. Na kwa miaka kama kumi na mitano anaishi na mwanamke bila ndoa. Wanazaa mtoto, Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu.

Wiki tatu zilizopita tulifika kitabu cha sita. Monika na wengine wanamtafutia Augustino mchumba wa hadhi, binti ambaye hata umri wa kuolewa hajafikisha. Yule mwanamke anaondolewa, anarudishwa Afrika, anaweka nadhiri kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Mtoto anabaki na baba. Augustino anaandika kwamba moyo wake ulichanika na kutoka damu.

Darasa lilinyamaza. Msomaji, unajua jinsi watu wanavyoishi mji huu. Tunaita sogea tukae. Mle ndani walikuwemo watu watatu ambao hawapokei meza ya Bwana kwa sababu hiyo, na mmoja wao ndiye aliyefungua mdomo kwanza. Alikuwa yule mzee dereva.

"Mwalimu, samahani. Huyo mama alikuwa anaitwa nani?"

Mwalimu akapekua mbele, akapekua nyuma. Augustino hakuliandika jina lake mahali popote.

"Miaka kumi na mitano," mzee akasema. "Hata jina?"

Mama muuza chakula akasema labda hakuweza kuliandika, lingemwumiza. Muuguzi akasema hapana, alimwonea aibu, wasomi ndivyo walivyo, wakipanda cheo wanamsahau aliyewapikia. Mmoja wa vijana wa benki akauliza kama Monika, tunayemwomba awaombee wake wenye waume wakorofi, alifanya haki. Hakuna aliyepiga miayo. Mlinzi alikuja kuzima taa saa mbili kasoro, akaambiwa asubiri, akavuta kiti akaketi nyuma.

Jumanne ijayo tunaanza kitabu cha tisa. Adeodatus anabatizwa Milan pamoja na baba yake, Pasaka ya mwaka 387, kwa mkono wa Askofu Ambrosi. Bibi yake yupo. Mama yake yuko Afrika.